Mafuta ya Ubani, ya Manemane au ya Kopaiba: Namna ya Kuchagua kwa Kuzingatia Sifa, Matumizi na Usalama

Anayetafuta mafuta ya kunukia yatokanayo na utomvu wa miti hukutana mapema na majina matatu: ubani, manemane na kopaiba. Yote matatu huuzwa katika chupa ndogo za kioo cheusi, na yote husifiwa kwa maneno yanayokaribiana mno, kiasi kwamba maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa moja yangeweza kuhamishiwa kwenye nyingine bila mtu kugundua. Hata hivyo, mafuta haya hayafanani katika yaliyomo wala katika tahadhari yanayohitaji, na ya manemane hasa yana kiwango cha juu cha matumizi kwenye ngozi kilicho chini sana kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: mti na namna utomvu unavyogemwa, kemikali zilizomo ndani ya chupa, harufu na uzito wa mafuta yenyewe, ushahidi wa matumizi, na usalama. Nimeongeza maelezo ya uhifadhi na ya kutambua bidhaa iliyochakachuliwa, kwa kuwa mafuta yaliyoharibika au yaliyoghushiwa hayawezi kupimwa kwa kigezo chochote kati ya hivyo. Kemikali na usalama nimevipa nafasi kubwa kuliko vingine, na nina sababu: harufu kila mtu ataiamua kwa pua yake, lakini ngozi iliyoungua au mtoto aliyemeza mafuta ni jambo lisilosubiri mtu ajifunze kwa kujaribu.

Kinachochukuliwa na mvuke na kinachobaki

Kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka, ulinganisho wote utapotoka. Mafuta haya hupatikana kwa kukeneka: mvuke wa maji hupitishwa kwenye utomvu, ukabeba chembe nyepesi zenye uwezo wa kuruka, kisha mvuke hupozwa hadi ukarudi kuwa maji, na mafuta yakajitenga juu yake. Chembe nzito hubaki katika chombo pamoja na masalia ya utomvu. Kwa hiyo mafuta si utomvu wote uliogeuzwa kuwa kimiminika, bali ni sehemu yake tu, na sifa zilizothibitishwa kwa utomvu mzima haziwezi kuhesabiwa kuwa sifa za mafuta.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa asidi za boswelia, zilizomo katika utomvu wa ubani. Hizi ndizo zilizochunguzwa kwa miaka mingi kuhusiana na maumivu ya viungo, na mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu mimea inayotumika kwa uchakavu wa viungo yaliona kwamba dondoo la kumeza la Boswellia serrata, ambao ni ubani wa India, hupunguza maumivu kwa kiasi kidogo. Lakini asidi hizo ni nzito mno kuruka na mvuke, na mafuta ya ubani yaliyokenekwa hayana kiasi chake cha kutegemewa. Muuzaji anayetaja majaribio ya dondoo hilo huku akiuza mafuta anauza kitu kimoja kwa sifa za kingine. Hali ni hiyo hiyo kwa manemane: Shirika la Dawa la Ulaya linatambua matumizi ya jadi ya manemane kwa vidonda vidogo na uvimbe mwepesi wa kinywa, lakini linachozungumzia ni utomvu uliolowekwa katika alkoholi, si mafuta ya kukeneka. Kopaiba nayo huuzwa kwa sura mbili, utomvu wenyewe ulio kimiminika tangu mtini na mafuta yaliyokenekwa kutoka humo, na viwili hivyo havina asidi nzito kwa kiasi kinacholingana.

Mti na ugemaji

Ubani hutoka katika miti ya jenasi ya Boswellia. Boswellia sacra huota Oman, Yemeni na Somalia, na wataalamu wengi wa mimea huuhesabu ubani wa Somalia uitwao Boswellia carterii kuwa ni mti huo huo. Boswellia frereana ni wa Somalia, Boswellia papyrifera ni wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, na Boswellia serrata ni wa India. Mgemaji huchanja gome, utomvu mweupe hutoka na kuachwa siku kadhaa hadi ugande, kisha hukwanguliwa na jeraha kufunguliwa upya. Kilo moja ya utomvu kwa kawaida hutoa kati ya gramu 30 na 100 za mafuta. Eneo la ubani la Dhofar, kusini mwa Oman, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini heshima hiyo haijaiondolea miti hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Sustainability ulionyesha kwamba misitu mingi ya Boswellia papyrifera haina miche inayokua kuziba nafasi ya miti mizee, kwa sababu ya moto, malisho ya mifugo na uchanjaji uliopita kiasi, na ukakadiria kwamba mavuno yangeweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Anayejali asili ya anachonunua anapaswa kuuliza ni mti upi na umegemwa wapi.

Manemane hutoka katika Commiphora myrrha, mti mfupi wenye miiba wa Somalia, Ethiopia, kaskazini mwa Kenya na Bara Arabu. Ni wa familia moja na ubani, lakini utomvu wake mara nyingi hutoka wenyewe kupitia nyufa za gome, ingawa wagemaji nao huchanja ili kuongeza mavuno.

Kopaiba ni wa ukoo mwingine kabisa. Miti ya Copaifera ni ya jamii ya kunde, nayo hukua katika misitu ya Amerika Kusini, hasa bonde la Amazon nchini Brazili. Shina hutobolewa kwa keekee, utomvu mwepesi hutiririka, na tundu huzibwa kwa kigingi. Kwa kuwa gome halikwanguliwi, mti uliogemwa kwa uangalifu huweza kupona na kugemwa tena baada ya kupumzishwa.

Kilichomo ndani ya chupa

Mafuta ya ubani yana kiasi kikubwa cha terpeni nyepesi, yaani kemikali za mimea zenye kunukia. Katika Boswellia sacra kinachotawala kwa kawaida ni alfa-pineni, ikifuatana na limoneni. Katika frereana na serrata, alfa-thujeni huchukua sehemu kubwa. Na katika papyrifera, kilichozidi ni oktili asetati, ambayo humpa mnusaji harufu ya matunda ambayo hataipata katika ubani wa Oman. Tofauti hizi ni kubwa kiasi kwamba chupa mbili zilizoandikwa "ubani" tu zinaweza kuwa bidhaa mbili zisizofanana, na kwa maoni yangu chupa isiyotaja jina la kitaalamu la mti haistahili kununuliwa.

Mafuta ya manemane yamejengwa kwa chembe nzito zaidi, zikiwemo furanoyudesma-1,3-dieni, kurzereni na lindestreni. Mwaka 1996 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Kiitalia ulioonyesha kwamba furanoyudesma-1,3-dieni hupunguza maumivu kwa panya kwa kugusa vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vile vile vya ubongo vinavyoguswa na dawa za jamii ya afyuni. Huo ni ugunduzi wa kupendeza, tena unaeleza kwa nini manemane ilitumika kutuliza maumivu tangu kale, ila panya wa maabara hawatoshi kuthibitisha kipimo cha binadamu.

Katika mafuta ya kopaiba, mwenye nafasi kubwa kwa kawaida ni beta-kariofileni, ambayo hupatikana pia katika pilipili manga na karafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba chembe hii hujishikiza kwenye kipokezi cha mwili kiitwacho CB2, ambacho ni cha mfumo ule ule unaoguswa na bangi, lakini si kipokezi kile kinachosababisha kulewa. Wauzaji wameitumia habari hii kwa wingi kuliko inavyobeba: kujishikiza kwenye kipokezi ni hatua ya mwanzo tu, na kutibu ugonjwa ni jambo lingine linalohitaji majaribio ya watu.

Harufu na uzito

Mafuta ya ubani ni mepesi, yasiyo na rangi au ya manjano hafifu, na harufu yake huanza kwa ukali wa limau na msonobari kabla ya kutulia. Ya manemane ni mazito, ya rangi ya kaharabu hadi wekundu, yenye harufu chungu ya udongo na dawa inayodumu muda mrefu, ndiyo maana watengenezaji wa manukato huyatumia kushikilia harufu nyepesi zisipotee upesi. Ya kopaiba yana harufu ya upole, ya mti mkavu na utamu kidogo, na hayazifuniki harufu nyingine.

Ushahidi wa matumizi

Kwa yote matatu, matumizi yaliyo na msingi imara zaidi ni ya harufu: kunukiza chumba, kutengeneza manukato, sabuni na mafuta ya kuchua. Zaidi ya hapo ushahidi unapungua. Maabara zimeonyesha kwamba mafuta ya ubani na ya manemane huzuia baadhi ya bakteria na kuvu katika sahani za vipimo, lakini kiwango kinachoua kijidudu kwenye sahani mara nyingi ni kikubwa kuliko ngozi inavyoweza kuvumilia. Majaribio ya watu yaliyotumia mafuta yenyewe ya ubani ni machache na madogo. Kwa kopaiba yapo majaribio madogo, likiwemo moja la Brazili lililopima jeli yake kwa chunusi nyepesi na kuona nafuu, na hilo linatosha kuhalalisha udadisi, si kuhalalisha kuacha dawa.

Jambo ninaloliona kuwa zito zaidi ni la saratani. Yapo machapisho yanayoonyesha kwamba mafuta ya ubani huua seli za saratani katika maabara, nayo husambazwa kana kwamba ni tiba iliyofichwa. Vitu vingi huua seli zilizowekwa kwenye kioo, hata sabuni. Kinachotakiwa ni dawa inayoziua ndani ya mwili bila kumuua mgonjwa, na mafuta ya ubani hayajafika hapo. Mwaka 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyaandikia makampuni ya mafuta ya kunukia barua za onyo kwa sababu ya madai kwamba bidhaa zao hutibu magonjwa mazito, Ebola ikiwa mojawapo. Mgonjwa anayependa harufu ya ubani wakati wa matibabu ana haki ya faraja hiyo, mradi amwambie daktari wake na asiahirishe matibabu hata siku moja.

Usalama

Kanuni za jumla zinayahusu yote matatu. Mafuta yasipakwe yakiwa matupu. Yachanganywe kwanza na mafuta ya kulainisha kama ya lozi, ya alizeti au ya jojoba. Mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia zikitiwa matone 6 hutoa takriban asilimia 1, na matone 12 hutoa takriban asilimia 2, kwa kuwa mililita moja hukadiriwa kuwa na matone 20. Mchanganyiko mpya ujaribiwe kwanza kwa kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, na uachwe saa 24 hadi 48 kabla ya kupakwa mahali pakubwa.

Ubani, katika asilimia 1 hadi 2, huvumiliwa na watu wengi ukiwa mpya. Hatari yake kubwa huja na uchakavu. Alfa-pineni na limoneni zikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa kemikali zinazoamsha mzio wa ngozi, na mtu akishapata mzio huo huenda ukamfuata maisha yake yote, hata kwa sabuni na manukato mengine yenye chembe hizo. Mafuta haya pia hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo ni kosa kuyadondosha kwenye makaa kama afanyavyo mtu mwenye punje za ubani. Punje na mafuta ni vitu viwili, na cha pili kinaweza kulipuka moto mara moja.

Manemane inadai tahadhari zaidi, na hapa ndipo naona wauzaji wengi wanakosea kwa kunyamaza. Wataalamu wa usalama wa mafuta ya kunukia wanashauri mafuta haya yasitumike kabisa wakati wa ujauzito na kunyonyesha, kwa njia yoyote ile, kwa sababu yana chembe zinazoshukiwa kudhuru kijusi, na wanapendekeza kikomo cha takriban asilimia 0.6 kwenye ngozi. Kwa mililita 30 matone yasizidi 3, tena yahesabiwe taratibu, maana mafuta mazito hutoa tone kubwa. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari kabla ya kutumia manemane kwa namna yoyote inayoingia mwilini. Kwa kinywa, kinachofaa ni bidhaa iliyotengenezwa na kuandikwa kwa ajili hiyo, wala si matone kutoka chupa ya mafuta, kwa kuwa utando wa kinywa hunyonya haraka na huungua haraka.

Kopaiba ni mpole zaidi kwa ngozi, na mzio wake si wa kawaida, lakini upole huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya kuyanywa. Katika karne ya 19 utomvu wa kopaiba ulinyweshwa wagonjwa wa kisonono huko Ulaya, na madaktari wa wakati huo waliyajua vizuri madhara yake ya tumbo na vipele. Kuhusu ujauzito, uchunguzi uliofanywa juu ya mafuta haya ni mchache mno kuweza kumpa mtu uhakika.

Kwa yote matatu, sishauri kumeza. Mtoto akiyanywa, hatari ya haraka ni mafuta kuingia mapafuni, kwa hiyo asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe. Yakiingia machoni, macho yasafishwe kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa mfululizo. Katika kifaa cha kusambaza harufu, matone 3 hadi 5 yanatosha, kwa muda usiozidi nusu saa kwa mara moja, dirisha likiwa wazi. Mwenye pumu aanze kwa tahadhari au aache kabisa. Paka hawana uwezo mzuri wa kuvunja chembe nyingi za namna hii katika ini lao, kwa hiyo wasifungiwe katika chumba kinachonukizwa wala kupakwa mafuta hayo.

Uhifadhi na udanganyifu

Mafuta ya ubani yawekwe penye giza na ubaridi, kifuniko kikibana, na ni busara kuyatumia ndani ya mwaka mmoja hadi miwili tangu chupa ifunguliwe. Manemane na kopaiba hudumu zaidi, ingawa manemane huweza kuganda mdomoni mwa chupa.

Udanganyifu nao hutofautiana. Ubani hupunguzwa kwa tapentaini au kwa alfa-pineni ya bei nafuu. Manemane huchanganywa na utomvu wa miti mingine ya Commiphora. Na kopaiba huongezwa mafuta ya gurjuni kutoka Asia. Pua pekee haitambui mengi ya haya. Kinachosaidia ni chupa yenye jina la kitaalamu la mti, nchi ya asili, njia ya utengenezaji na namba ya toleo, pamoja na muuzaji aliye tayari kuonyesha matokeo ya kipimo cha kromatografia ya gesi, kinachotenganisha na kupima kemikali zilizomo, kwa toleo hilo hilo. Penye neno "dondoo la kaboni dioksidi", mnunuzi ajue kwamba si mafuta ya kukeneka: hubeba chembe nzito zaidi, na kwa hiyo huhitaji kusomwa upya kwa vigezo vyake.

Kwa hali ipi, mafuta yapi

Anayetaka kunukiza chumba cha ibada, cha kutafakari au cha kupumzikia atapata harufu iliyo wazi na yenye kuinuka katika ubani, ilimradi anunue chupa ndogo na asiiweke miaka. Mtengenezaji wa manukato au sabuni anayetaka harufu idumu ataona faida ya manemane, huku akichunga kikomo cha asilimia 0.6 katika kitu kinachobaki kwenye ngozi. Mwenye ngozi inayowashwa upesi, au anayetaka mafuta ya kuchua yasiyo na harufu kali, ana sababu nzuri ya kuanza na kopaiba, kwa asilimia 1.

Mjamzito na anayenyonyesha aiondoe manemane katika orodha yake. Ubani ulionukizwa kwa uchache kwa kawaida huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, lakini amuulize mkunga au daktari kwanza, na kwa kopaiba ni afadhali asubiri. Mwenye watoto wadogo nyumbani atazame kwanza kama anayo kabati inayofungwa na chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto. Asipokuwa navyo, asinunue yoyote kwa sasa.

Anayetafuta nafuu ya maumivu ya viungo aliyosoma kuhusu asidi za boswelia hataipata katika chupa yoyote kati ya hizi. Swali lake alipeleke kwa mfamasia, kuhusu dondoo sanifu la kumeza, akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia. Na ambaye hana sharti lolote la kiafya ila hajui harufu ipi itampendeza, anunue mililita 5 za ubani na 5 za kopaiba, adondoshe tone moja moja kwenye karatasi, azinuse mara moja, kisha azirudie baada ya saa moja na tena siku ya pili, maana harufu ya utomvu ya dakika ya kwanza haifanani na ile atakayoishi nayo.